Dawa ya mgongo yenye aya kwenye chupa: nikiiacha, nimeikadhibisha hadithi?

SWALI: Sheikh, mimi ni hamali gatini hapa Amu (Lamu), nashusha saruji. Mgongo waniuma mwaka wa pili sasa. Mke wangu alininunulia chupa ya dawa ya habbat sauda, shilingi 1,500. Siku ya tatu maumivu yakaisha, lakini nikiikosa yanarudi, na sasa ni mwezi wa tatu, uso umenivimba. Muuzaji asema nikiiacha nimeikadhibisha hadithi. Tena naswali kwenye kiti, wenzangu wanicheka.

JIBU: Huo uvimbe wa uso ndio ulionifanya nikujibu leo leo, niwaruke waliotangulia.

Kujitibu ni sunna, na hadithi ya habbat sauda (punje nyeusi), kwamba ni ponya ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Mtume (s.a.w.) alisifu punje, hakusifu chupa ya mtu. Nani kakuhakikishia kilichomo? Picha uliyonitumia nimeikuza. Mbele pana aya ya Ash-Shu'araa, "Na ninapougua, Yeye ndiye anayeniponya"; nyuma pameandikwa mgongo, kisukari, nguvu za kiume na mikosi ya biashara! Jina la mtengenezaji hamna, vilivyomo hamna. Maneno yale ni ya Nabii Ibrahim akimsifu Mola wake. Huyu kayafanya tangazo. Hata "kila ugonjwa" katika hadithi ile, mwanachuoni wa hadithi al-Khattabi kaeleza kuwa ni tamko la jumla linalokusudia maradhi maalumu. Basi kumkadhibisha muuza chupa si kumkadhibisha Mtume. Yeye ndiye wa kuogopa hadithi: "Mwenye kutughushi si katika sisi," na ile ya anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, kwamba madhara yako juu yake.

Hukumu ni fupi: hulazimiki kuinywa, na akiwa ameghushi, pesa aliyokula ni haramu.

Lakini usiiache kwa ghadhabu usiku huu. Dawa za namna hii zimewahi kukutwa zimetiwa kwa siri dawa za hospitali: diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huchoma tumbo na kudhuru figo, au steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, mfano wa homoni ya mwili) kama deksamethasoni, ambayo hujaza uso. Steroidi ikinywewa kwa wiki nyingi, mwili huzembea kutengeneza ya kwake, na kuikata ghafla kwaweza kukuangusha. Kesho asubuhi nenda hospitali na chupa mkononi, daktari akupunguzie kwa mpango. Na kwa mgongo wenyewe, ukihisi ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo ukakushinda kuuzuia, usingoje kuche.

Kiti kisikutie haya. Sahaba Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, Mtume akamwambia: "Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu." Wanaokucheka wabebe mfuko mmoja wa kilo 50 kutoka jahazini hadi ghalani, kisha tuzungumze.

Mkeo usimlaumu, alitaka ulale usiku. Na huyo bwana akionekana tena na chupa zake baada ya Ijumaa, mwambie imamu kabla hajatandika mkeka.