Kioo hakipitishi umeme, kebo inapitisha

Nilipoanza kazi hii niliambiwa faiba, ile kebo inayobeba mtandao kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, haina habari na radi, kwa sababu ile ni kioo. Nami nikawaambia wateja hivyo hivyo kwa miaka, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Mpaka asubuhi moja ya Aprili, masika yamekolea, nikapigiwa simu kutoka ofisi moja karibu na bandari hapa Tanga kwamba mtandao wote umelala.

Nilimkuta mlinzi getini, mzee wa makamo, koti la mvua bado mwilini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usiku imepiga moja, nikadhani paa limekwenda."

Nilipofungua mlango wa reki, lile kabati la chuma la vifaa vya mtandao, harufu ilinipokea kabla macho hayajaona kitu: plastiki iliyoungua. Swichi, kifaa kinachogawa mtandao, haikuwasha hata taa moja. Kipande cha chuma kilichoshika kebo nyuma ya paneli ya kuungia nyuzi kilikuwa cheusi, na rangi ya reki kukizunguka imevimba mapovu kama chapati iliyozidi moto. Nikatoa taa nyekundu ya kupimia, nikaipitisha kwenye nyuzi moja moja, zote 12. Zote zikaonyesha mwanga upande wa pili. Kioo kizima, kila kilichokizunguka kimekufa.

Kazi ile niliifunga mimi mwenyewe, miezi saba nyuma. Sina wa kumsingizia.

Kilichotokea ni hiki. Kebo niliyoitumia ilikuwa na ganda la bati la chuma ndani, lile linalowekwa ili panya wasitafune. Kioo hakina umeme, sawa, lakini lile ganda ni waya mrefu uliotandazwa nje kuanzia kwenye nguzo hadi ndani ya reki. Si lazima radi iipige kebo yenyewe. Ikipiga jirani tu, umeme unazaliwa kwenye lile bati na unatafuta ardhi. Mimi nilikuwa nimelibana bati kwenye paneli, paneli iko kwenye reki, na reki ina waya wa kijani wenye mstari wa njano unaokwenda ethi, yaani ardhini. Kwa macho kila kitu kipo. Nilipoweka mita ya kupimia umeme kati ya reki na ule waya, haikulia, maana yake hapakuwa na muunganiko. Bolti ilikuwa imekaa juu ya rangi. Rangi ya reki ni ngumu, inazuia umeme vizuri sana, na mimi sikuikwangua. Basi umeme ukapita njia iliyobaki: kutoka kwenye mwili wa reki ukaingia kwenye mwili wa swichi, ukatokea kwenye pini ya ethi ya waya wake wa umeme. Swichi ndiyo iliyokuwa waya wangu wa ethi.

Tangu siku ile kebo yenye chuma siiruhusu kufika kwenye reki. Inaishia ukutani, pale inapoingia jengoni. Ninafunga kiboksi cha kuungia hapo, namenya ganda la nje, nalibana lile bati kwa klampu yake, na kutoka kwenye klampu natoa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba unaoshuka kwenye basiba kuu ya ethi ya jengo, kile kipande cha chuma ambako waya zote za ethi hukutana. Kutoka kwenye kiboksi kwenda kwenye reki naendelea na kebo ya ndani isiyo na chuma chochote. Angalieni pia ule mhimili wa katikati ya kebo. Nyingine una nyuzi za plastiki ngumu, nyingine ni waya wa chuma kabisa, na huo nao unabanwa kwenye ethi kama bati. Watu wengi wanaufunga kwenye skrubu ya trei na kuusahau.

Ukiwa bado hujanunua kebo, kuna njia rahisi zaidi: nunua isiyo na chuma tangu mwanzo, uipitishe ndani ya bomba gumu la plastiki. Panya anashindana na bomba. Hasa kama unaunganisha majengo mawili, kila moja na ethi yake, kwa sababu ethi mbili hazilingani na bati la chuma katikati yao litapitisha umeme hata siku isiyo na wingu.

Waya wa ethi wenyewe uwe mfupi na uliyonyooka. Hili lilinichukua muda kulikubali. Zamani nikibakiwa na mita moja na nusu nilikuwa naizungusha duara safi, naifunga na taiti, vile vikamba vya plastiki vya kubania, inapendeza kama kazi ya mkeka. Umeme wa radi unapanda ghafla mno na haupendi mzunguko wala kona kali. Ukikuta duara unaruka kutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni vifaa vyako. Kata waya.

Pale lagi, kile kichwa cha waya kinachofungwa kwa bolti, inapokaa, piga msasa hadi chuma king'ae, upana wa lagi nzima na zaidi kidogo. Washa yenye meno, ile pete ya chini ya bolti, inasaidia kuuma rangi, lakini msitegemee washa peke yake. Tumieni lagi iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye chuma cha zinki, kwa hewa yetu ya chumvi, inafanya zinki iliwe mapema sana, hasa kwa majengo ya Raskazone yanayotazama bahari. Ukishakaza, paka grisi kiasi juu ya kiungo. Milango ya reki na vipande vya pembeni navyo vinapewa waya wao mwembamba kwenda kwenye mwili, kwa sababu bawaba zimepakwa rangi. Halafu mita tena. Isipolia, hujamaliza.

Sasa fimbo ya ethi, ile inayogongwa ardhini. Mji huu umekaa juu ya jiwe la matumbawe sehemu nyingi, na fundi akigonga fimbo nusu ikagoma, kishawishi ni kuikata msumeno. Nimeona zilizokatwa. Sogea hatua chache, jaribu pengine, au weka fimbo mbili tatu na uziunganishe. Wengine wanamwaga chumvi na mkaa shimoni. Vipimo vya ukinzani wa ardhi vinashuka, mteja anafurahi, kisha mvua inaiosha chumvi na iliyobaki inaila fimbo. Upimaji wenyewe fanyeni wakati wa kaskazi, Januari au Februari, udongo ukiwa umekauka. Ukipima masika ardhi yote ni nzuri. Mimi natafuta chini ya ohmu 5.

Na usijenge ethi ya mtandao peke yake ikakaa mbali na ethi ya umeme wa jengo. Kuna mafundi wanaiita "ethi safi", wanaona wametenganisha vitu. Radi ikipiga, ethi mbili zisizoshikana zinakuwa na volti tofauti, na kifaa chako kimesimama katikati kimeshika zote mbili. Fimbo zote ziunganishwe, ziwe kitu kimoja.

Kuhusu kioo chenyewe nitasema machache. Kebo nene usiikunje hadi nusu kipenyo cha kona kikawa chini ya mara 10 ya unene wake ikiwa imetulia, mara 20 wakati unaivuta. Ndani ya reki tumia mkanda wa velcro, unaofungwa na kufunguliwa, badala ya taiti za plastiki. Taiti ikikazwa inabana uzi, na hutaona kwa macho. Utaona kwenye kipimo: ukipima kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 laini iko sawa, ukihamia 1550 mwanga unapungua vibaya, hapo kuna mahali pamekunjwa. Basi pima zote mbili. Futa konekta kila unapoichomoa, hata kama ni mpya kutoka kwenye mfuko, kwani kiini cha uzi ni maikroni 9 tu na punje ya vumbi inakifunika chote. Usichungulie ndani, ule mwanga hauonekani lakini jicho linaumia. Vipande vya uzi uliokata viwe kwenye chupa yenye kifuniko. Kimoja kiliniingia kidoleni nikiwa Ngamiani, nikakaa nacho wiki nzima nikishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata sahani ya wali.

Pale ofisini nililipia nusu ya swichi mpya, na kiboksi cha ukutani nikakifunga bila kudai chochote. Januari kila mwaka napita na msasa na mita. Yule mzee bado yuko getini, na hanisalimii tena kwa habari za nyumbani.

"Rangi umeikwangua?"

"Nimekwangua, mzee."