Mkiandika "Pombe: hapana", mmeulizaje?

Wadogo zangu mlioripoti mwezi huu kwenye zahanati yetu ya gereza, mbukwenyi. Leo asubuhi nimepekua rejista ya mahabusu wapya wa jana upande wa akina mama. Watano, na wote mmewaandikia: "Pombe: hapana. Dawa za kulevya: hapana. Akili: timamu." Wawili kati yao wameletwa kwa kesi ya gongo! Nimecheka peke yangu, kisha tumbo likanikata, maana mimi nami niliwahi kuijaza rejista hivyohivyo.

1. Mpya aonwe siku hiyohiyo, kabla ya hesabu ya jioni. Akilala bila kuonwa, asubuhi afande wa zamu atakuwa ameshamwita mkorofi, na jina hilo halifutiki upesi.

2. Msiulize "unakunywa?" Hapa ndipo nina deni.

Ni miaka tisa sasa. Mama wa makamo alikamatwa Alhamisi jioni na mtambo wake, akafikishwa kwetu Ijumaa mchana, vumbi la Agosti limemjaa hadi kwenye kope. Nikamwuliza mbele ya askari wawili na foleni nzima, "Mama, unakunywa pombe?" Akasema, "Mimi nauza tu, mwanangu." Nikaandika hapana. Mkono ulikuwa unamtetemeka hata alama ya dole gumba ikatoka nje ya kisanduku. Nikasema ni woga wa gereza, wote huwa hivyo.

Jumamosi jasho, kutapika, mapigo ya moyo 118. Kipimo cha malaria kikatoka hasi, nami nikampa dawa mseto vilevile (msijifanye hamjawahi). Usiku nikaitwa. Alikuwa amekaa katikati ya selo anachambua khanga yake, anatoa siafu ambao hawakuwepo, mara anawapigia mluzi mbuzi watoke shambani kwake kwenye mtama, kwa Kigogo, kwa hasira kabisa. Wenzake wamejibana ukutani wanasali. Nyapara akasema mapepo. Mimi msomi nikasema kichaa, nikamchoma kloropromazini, dawa ya wagonjwa wa akili. Saa kumi alfajiri kifafa kikamwangusha. Akauma ulimi, na jino la mbele likabaki kwenye sakafu.

Ile ilikuwa ni pombe inayomtoka. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Kifafa huja zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo, siku ya pili hadi ya nne. Na kloropromazini hukikaribisha kifafa. Alihitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi inayoshushwa siku hadi siku, na thiamini (vitamini B1) ya sindano kabla ya dripu ya sukari, na gari la kumpeleka hospitali Jumamosi ileile badala ya Jumapili akiwa na damu mdomoni.

Hospitalini, alipozinduka vizuri, daktari alimwuliza swali moja tu. "Mama, ukipika, unaonja mara ngapi?" Akajibu bila kusita, "Kila chupa. Na alfajiri kidogo, mikono itulie." Nilikuwa nimesimama pale na faili lenye hapana yangu.

Aliporudi bado aliniita mwanangu. Akaniuliza kama niliokota jino lake. Lilikuwa limeshafagiliwa.

Kwa hiyo ulizeni kuonja, ulizeni asubuhi mikono ikoje kabla hajaonja chochote, na ulizeni askari akiwa mbali. Mikono aiweke mbele, vidole vimetanuliwa, mtaona wenyewe.

3. Mwenye kuhudhuria methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, akiingia, pigeni simu kliniki yake siku hiyohiyo. Sisi wa Dodoma, kliniki ya Itega si mbali. Akikosa siku tatu, dozi ya zamani hairudishwi hivihivi. Mjamzito haachishwi ghafla. Na wewe uliyesema arosto (mateso ya kukosa dawa aliyoizoea) ni maigizo, "atazoea tu", nilikusikia nikiwa dirishani. Siku ya kutoka mwambieni waziwazi kwamba mwili umesahau: kiasi alichokuwa anatumia zamani sasa kinaweza kumwua.

4. Aliyejifungua karibuni aulizwe usingizi na sauti anazosikia, hata kama amekuja kwa kesi ya kuku. Aliyekuja kwa kesi ya kifo cha mwanawe, ndiyo zaidi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199, inatambua kwamba mama anaweza kumwua mtoto wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa haijakaa sawa baada ya uzazi, na huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Mahakama ikiagiza apelekwe Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi, kupimwa akili, mtaalamu wa huko atamwona wiki nyingi baada ya tukio. Nyinyi ndio mliomwona wiki ya kwanza. Sasa mkiandika "timamu" kwa mazoea, mmemsaidia nani?

5. La tano lilikuwa la funguo za kabati la dawa, lakini lisubiri. Wale wawili wa gongo nimewauliza upya mchana huu chini ya mwarobaini, askari hatua kumi nyuma. Mmoja kweli hanywi, ni mlokole, alikamatwa akilinda mtambo wa mume. Wa pili alitazama kwanza mikono yake.

Diazepamu yake ya saa mbili usiku, nani yuko zamu?