Jibu: Mtoto kupimwa shuleni, hapa Marekani

Pole dada. Umesema mwanao wa darasa la pili bado hasomi, na mwalimu anakwambia msubiri Kiingereza kikomae. Usisubiri. Andika barua, hata mistari mitatu, uombe apimwe kwa ajili ya elimu maalumu. Weka tarehe, ubaki na nakala. Maneno ya mdomo hupotea. Ukishatia saini ya kukubali apimwe, sheria ya taifa inawapa shule siku 60 za kumpima, isipokuwa jimbo lenu liwe na muda wake. Kwenye kikao na shule dai mkalimani, ni bure. Mimi nilimtumia kaka wa mtoto wangu atafsiri, na hadi leo najuta.

Umeuliza pia chakula cha shule: mkiwa mnapata SNAP (msaada wa serikali wa kununua chakula), kwa kawaida anakula bure. Kibali cha kazi cha mwanao yule wa miaka 15 kaulizie shuleni kwake. Kila jimbo lina utaratibu wake.