Mwalimu, ikague kwanza hiyo laptopu

Mwalimu wa Urambo, pole. Umesema vifaa vipya vinatoka kila siku, vijana wa darasani wamekupita, na sasa kuna mtu wa Tabora mjini anakuuzia laptopu ya mtumba yenye Windows 10. Nami nafundisha huku Kasulu. Niliwahi kununua moja kwa pupa, betri ikafa kabla muhula haujaisha.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, yaani masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine inapokea Windows 11. Kama prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya Intel, iwe kizazi cha 8 au zaidi. Chini ya hapo kwa kawaida haikubaliki. Kisha ichomoe kwenye umeme, uitumie nusu saa hapohapo mbele ya muuzaji. Akinuna, ondoka. Ukiona betri imevimba, usiiguse kabisa, hata kwa bei ya kutupa.

Kufuata kila kitu? Achana nako. Mimi hujifunza programu moja kwa muhula, basi. Anza na Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila mtandao: ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, pakua Wikipedia, hata ya Kiswahili, ukaisome kijijini bila bando. Hiyo hata simu yako inaweza, huenda laptopu ikasubiri. Vitabu vya kiada viangalie Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Flashi za kuazimana ofisini ndizo zinazoeneza virusi. Alama za wanafunzi ziwe na nakala mbili, moja nje ya laptopu.