Jibu: Kwa nini shakwe huangusha kome kwenye mawe

Umeuliza kwa nini shakwe, ndege wa baharini, hupaa na kome mdomoni kisha akamwachia juu ya mawe. Anavunja gamba. Mdomo wake hauwezi kulipasua, kwa hiyo hupanda mita kadhaa, hudondosha kwenye mwamba au lami, na kushuka upesi kabla mwenzake hajampora. Shakwe wachanga hukosea sana: huangushia mchanga laini, gamba halivunjiki, wanarudia bure.

Ulisema pia umemwona shakwe akikanyagakanyaga nyasi; hiyo ni mbinu nyingine kabisa, ya kuwatoa minyoo ardhini kwa mtikisiko wa miguu. Na maji ya chumvi anayokunywa baharini hayamdhuru. Tezi zilizo juu ya macho huchuja chumvi kwenye damu, ikachuruzika kupitia puani.

Tafadhali usimtupie mkate. Humjaza tumbo bila lishe, na humzoesha kunyang'anya watu chakula.