Samadi ya kuku iive kwanza, ndipo uite shamba lako la kilimo hai

Usipande chochote juu ya samadi hiyo. Umeandika kwamba lori la samadi ya kuku wa nyama limekwisha kumwaga mzigo kando ya shamba lako, kwamba msimu huu unaachana kabisa na mbolea za viwandani za DAP na urea katika mahindi na sukuma wiki, na kwamba utaitandaza na kupanda mara mvua za kwanza zitakaponyesha. Kisha unauliza kuhusu faida za kiafya, soko la Dar es Salaam na namna ya kupata alama ya Kilimo Hai, ile inayothibitisha kwamba mazao yamelimwa bila kemikali za viwandani. Ukipanda hivyo, hutakuwa na mazao ya kutafutia soko.

Mimi nilipanda hivyo hivyo, kwa ushauri wa mwezeshaji wa semina aliyetuhakikishia kwamba kitu cha asili hakiwezi kuunguza mmea. Mahindi yaliota vizuri, yakafika magotini, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano kuanzia nchani na kushuka kwenye mshipa wa kati, wakati mistari iliyopata samadi nzito iliungua kingo kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Nilipong'oa mche wa sukuma wiki, mizizi yake midogo ilikuwa ya kahawia na imelegea, na shimo lilitoa harufu ya amonia inayowasha macho. Hatukuvuna hata mahindi ya kutosha chakula cha nyumbani, na ada ya watoto ililipwa kwa kumuuza ng'ombe wa maziwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitupatia samadi nzuri.

Sababu haikuwa fumbo. Samadi ya kuku wa nyama hutoka bandani ikiwa imechanganyika na maranda ya mbao. Kinyesi kibichi hutoa amonia inayounguza mizizi. Maranda nayo yana kaboni mara mia kadhaa kuliko naitrojeni, hivyo viumbe vidogo vya udongoni vinavyoyaozesha hunyang'anya naitrojeni, kirutubisho ambacho mahindi yalikihitaji. Ndiyo maana shamba moja linaweza kuungua upande huu na kufa njaa upande ule.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba tulipompigia simu mwezeshaji yule, alituambia udongo wetu umezoea kemikali na tuvumilie. Udongo haukuwa na kosa lolote. Alikuwa amelipwa posho kutufundisha jambo ambalo, kwa maswali niliyomuuliza baadaye, ilikuwa wazi hajawahi kulifanya kwa mikono yake, na jirani zangu kadhaa walirudi kwenye urea wakiamini kwamba kilimo hai ni cha watu wenye mishahara.

Samadi iandaliwe msimu mmoja kabla. Ikiwa maranda ndiyo mengi, ipange kwa tabaka pamoja na majani mabichi yenye naitrojeni nyingi, kama marejea (mmea wa jamii ya kunde) au alizeti pori; ikiwa kinyesi ndicho kingi, tumia vitu vikavu kama mabua ya mahindi, ukilenga sehemu 25 hadi 40 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni, na uinyunyizie maji hadi iwe na unyevu usiochuruzika ukiikamua mkononi. Chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo; ukiichomoa ikiwa ya moto, kazi inaendelea, na ikiwa imepoa mapema, geuza lundo na uongeze maji. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka lundo la namna hii likae kwenye nyuzi joto 55 hadi 77 kwa angalau siku 15 na kugeuzwa angalau mara 5, ndipo lihesabiwe kuwa mboji.

Kuhusu afya, kanuni hizo hizo hudai samadi mbichi iingizwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine ya chakula, kwa kuwa kinyesi kibichi kinaweza kubeba bakteria wa salmonela. Sukuma wiki huanza kuchumwa mapema zaidi ya hapo. Utakuwa unamuuzia mama mwenye mtoto mboga isiyo na dawa za viwandani lakini inayoweza kubeba maradhi ya kuharisha.

Msimu huu endelea na mbolea uliyozoea katika sehemu kubwa ya shamba, na utenge kipande cha kupanda marejea ya kuchanganya na samadi ikihitajika. Leo hii lifunike lundo lile kwa turubai kabla mvua haijaosha naitrojeni yake yote na kuipeleka mtaroni.