"Maji baridi" ni baridi kweli?

SWALI: Ninaishi Kibirizi, Kigoma. Binti yangu ameandika daftarini kwamba kuna konokono anayeishi "katika maji baridi na katika maji ya chumvichumvi ya pwani". Konokono hii wako hata ziwani kwetu, na maji yetu ni ya vuguvugu. Kwa nini yaitwe baridi? Na "chumvichumvi" ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Binti yako yuko sahihi, mzazi mwenzangu. "Baridi" hapo haizungumzii joto, inazungumzia chumvi. Ni baridi ileile ya "vinywaji baridi": soda iliyoshinda juani bado ni kinywaji baridi, kwa kuwa haina kileo. Kinachokosekana ni ukali. Ndiyo maana migebuka na dagaa wa Tanganyika ni samaki wa maji baridi, ingawa maji ya juu ya ziwa hufikia nyuzijoto 25 na kuzidi. Pwani husemwa pia "maji matamu", nami nalipenda zaidi hilo kwa sababu halimtatizi mtoto anayeogelea kila siku kwenye maji ya vuguvugu. Ila vitabu vya sayansi vimeshika "maji baridi", na mtihani utamjia hivyo.

"Chumvichumvi" ni sanifu kabisa. Tunarudufu neno kuonyesha hali isiyofika ukamilifu: uji wa majimaji si maji. Chukua mfano wa mkoani kwenu, Uvinza, kwenye chemchemi za karibu na makutano ya mito ya Ruchugi na Malagarasi. Maji yale yakichemshwa huacha chumvi. Hayo ni maji ya chumvi hasa, nisingeyaita ya chumvichumvi. Ya chumvichumvi utayakuta mikokoni, kama delta ya Rufiji, mto unapokutana na bahari: bamvua likijaa ladha inakolea, mto ukifurika inafifia.

Konokono anayelingana na maelezo ya binti ni yule ambaye wataalamu humwita Melanoides tuberculata, mwenye gamba jembamba lililochongoka. Yumo Tanganyika, na chumvichumvi huivumilia. Huzaa watoto walio hai, tena jike aghalabu huzaa bila dume, kwa hiyo binti asije akaandika kwamba "hutaga".

Sasa sahihisho lako wewe: umeandika "konokono hii". Ni huyu, na wakiwa wengi ni hawa, hata wakiwa wamekufa. Gamba tupu analookota mtoto ufukweni ndilo "hili".